Mikorosho ya Mjomba na kirusi cha WannaCry

Habari ya WannaCry, kirusi cha kompyuta, ilitufikia Mikindani Jumamosi, tarehe 13 Mei 2017, siku moja baada ya hospitali kadhaa za Uingereza kufungiwa mafaili na kudaiwa dola 300 za bitcoin kwa kila kompyuta. Mjomba, mwalimu mstaafu, aliisikia redioni akaniita.

"Mpwa wangu, hao jamaa wanaweza kufika kwenye mikorosho yangu?"

Hakuwa anatania. Hesabu zote za shamba, kuanzia vibarua wa palizi hadi kilo alizopeleka ghalani, zilikuwa kwenye kompyuta ya mezani yenye Windows 7. Nilipoiwasha nikakuta apdeti zimezimwa. Aliyezizima ni fundi aliyemuuzia, eti zinakula bando. Zinakula kweli, lakini ushauri ule unaniudhi hadi leo: mafaili yakija kufungwa, fundi hayupo.

Nikamweleza kwamba kirusi hiki hakisubiri mtu abonyeze chochote. Kinapenya kwenye tundu la ile sehemu ya Windows inayoshirikisha mafaili mtandaoni, na kikishaingia mashine moja kinatafuta nyingine chenyewe. Kiraka chake, yaani apdeti ya kuziba tundu hilo, Microsoft walikitoa tangu tarehe 14 Machi.

Mjomba akakunja uso. "Yaani dawa ilikuwepo? Basi hii ni salfa. Unapuliza kabla ugonjwa wa ubwiriunga haujashika maua ya mikorosho."

Bando lake lisingetosha apdeti zote zilizolala humo. Nikapanda daladala hadi Mtwara mjini, nikapakua kiraka hicho kimoja tu, KB4012212, nikarudi nacho kwenye flashi. Kabla ya kukiweka nikanakili hesabu zake kwenye flashi nyingine. Akaifunga kwenye leso, akaitia sandukuni pamoja na hati ya shamba. Mashine ilipojizima na kujiwasha ikisisitiza isizimwe, alisimama ukutani akilinda swichi, wajukuu wasisogee.

Apdeti nyingine tuliziacha zishuke kidogo kidogo kwa bando la usiku. Alilalamika wiki nzima. Lakini Januari 2020, Windows 7 ilipokoma kupewa viraka vya bure, ni yeye aliyenipigia simu kuuliza bei ya kompyuta nyingine. Nikamtajia. Akasema mtandao unasumbua, hanisikii vizuri.