Kovu Nyuma ya Mafuta

Masika ya 2016, Moshi ikiwa imefunikwa na mawingu na Kibo haijaonekana kwa siku kadhaa, kichupa kililetwa maabara kutoka hospitali moja nje ya mji. Ndani yake kulikuwa na kinyama cha ini kilichotolewa kwa sindano, chembamba kuliko njiti ya kiberiti na kimekatika vipande viwili. Tulipovipima pamoja vilifika sentimita 1.4 tu. Tunataka sentimita 2 au zaidi, kwa sindano ya geji 16, ili tupate angalau vituo 11 ambavyo mshipa wa mlango wa ini, ateri na kijifereji cha nyongo hupita pamoja. Sindano huchukua takriban sehemu moja kati ya 50,000 ya ini zima, kwa hiyo kikipungua kidogo, majibu nayo hupungua uzito.

"Daktari, formalini hii haina bafa," alisema mzee wetu wa maabara. Alikuwa amechovya karatasi ya kupimia asidi, ikageuka nyekundu.

Formalini ya asilimia 10, dawa ya kuhifadhia nyama, lazima iwekewe chumvi za fosfeti, ndiyo bafa, ziishikilie karibu na pH 7, isiwe na asidi, na iwe angalau mara kumi ya ujazo wa kinyama. Ikiwa na asidi, hushikana na damu iliyomo kwenye nyama na kuacha chembe za rangi ya kahawia nyeusi. Kwenye ini hilo ni balaa, maana madini ya chuma yakizidi nayo huonekana kahawia.

Kinyama kilipitishwa kwenye alkoholi, kuanzia asilimia 70 hadi 100, kisha kiyeyushi kiitwacho zailini, kisha nta ya parafini ya moto wa nyuzi 60 hivi. Njia hiyo huyeyusha mafuta yote. Tunachokiona kwenye slaidi ni matundu, mahali mafuta yalipokuwa. Anayetaka kuyatia rangi mafuta yenyewe anahitaji nyama iliyogandishwa ambayo haijaguswa na alkoholi, na hiyo hatukuwa nayo.

Mzee alikata mikato ya maikromita 4, yote kwa mkupuo mmoja: ya rangi ya kawaida, ya trikromu, ya retikulini (nyuzi nyembamba zinazoshikilia seli), ya chuma na ya akiba. Kila bloku inaporudishwa kwenye mashine kusawazishwa upya, nyama hupotea, na kinyama kama kile kingeisha kabla hatujapata jibu.

Rangi ya kawaida ilitoka nzuri. Matundu yalikuwa kwenye seli kama 60 kati ya 100, zaidi kuzunguka mishipa ya kati. Viini vingi vilikuwa vyeupe katikati kama vimetobolewa, jambo linaloonekana sana kwa wenye kisukari, na fomu ilisema mgonjwa ana kisukari. Hapo ndipo wengi huandika "ini lenye mafuta" na kufunga faili. Mafuta yanajaza macho, ndiyo hatari yake.

Tulirudi kuzitafuta seli zilizofura, dalili kwamba ini linaumia na si mafuta tu: kubwa karibu mara mbili ya jirani zake, pembe zimeviringika, ndani zimepauka na kuwa nyuzinyuzi. Zilikuwa chache. Kuzitambua ni kugumu, hata wazoefu hubishana juu ya seli ileile. Kwa lenzi ya 20, makundi ya seli za uvimbe (seli za kinga, si za saratani) yalikuwa matatu hivi kila uwanja. Kwa mfumo wa alama uliochapishwa 2005 tukapata mafuta 2, uvimbe 2, kufura 1, jumla 5 kati ya 8.

Kisha trikromu, ambayo hupaka kovu buluu. Nyuzi zilizunguka seli mojamoja kandokando ya mshipa wa kati, kama wavu wa banda la kuku, na mahali pawili zilivuka kutoka mshipa wa kati hadi kituo cha mlango. Hiyo ni daraja la 3 kati ya 4. Kwenye rangi ya kawaida tulikuwa tumekisia daraja la 1! Kovu ndilo linalotabiri vizuri zaidi mgonjwa atafika wapi, na rangi ya kawaida ililificha.

Zile chembe za kahawia zilikuwepo. Rangi ya chuma haikuzigusa, na asidi ya pikriki katika alkoholi ikaziondoa zote. Hazikuwa ugonjwa.

Likabaki swali ambalo hadubini haiwezi kulijibu: pombe. Ini la mnywaji na la mwenye kisukari huweza kufanana kabisa, na Kilimanjaro mbege hainywewi kwa vipimo vya vitabuni. Tukapiga simu.

"Hanywi, Daktari. Ni msabato," alijibu mwenzetu upande wa pili. "Lakini kuna dawa za kienyeji, ngoja nimuulize mwanawe."

Jibu liliandikwa hivi: uvimbe wa ini wenye mafuta, kovu daraja la 3; kinyama kifupi, kovu halisi laweza kuwa zaidi; pombe imekanushwa, dawa za kienyeji zinafuatiliwa. Dereva alirudi nalo, pamoja na chupa tatu za formalini yenye bafa.