Duka la Baba Lilivyoponea Chupuchupu

Watu watatu waliniambia nibomoe duka la baba, na wote watatu walikuwa wanauza tofali. Natania. Mmoja alikuwa anauza nondo.

Duka liko hapa Dodoma mjini, upande wa Uhindini, karibu na Jamatini. Kuta za mawe, baraza mbele, milango ya mbao ya kukunja. Marehemu baba alilinunua kwa mfanyabiashara wa Kihindi aliyekuwa anahama. Treni ya umeme ilipofika Dodoma 2024, ndugu zangu wakaanza kuota ghorofa la fremu za maduka ya kupangisha, mimi nikaitwa adui wa maendeleo. Kaka mkubwa akanitisha: "Mdogo wangu, ukisema-sema kwamba ni la kale, serikali italichukua."

Si kweli. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. La baada ya hapo mpaka waziri alitangaze. Na 1863 hapa kulikuwa na duka la nani? Mji huu umekuzwa na reli ya Mjerumani, iliyofika 1910. Kwa hiyo wa kulilinda tulikuwa sisi wenyewe, na sisi ndio tuliokuwa tunatafuta greda.

Nikataka kujua umri wake. Juu ya mlango wa nyuma, mahali pa linta, ule mhimili unaobeba ukuta juu ya mlango, kuna kipande cha reli. Nikakumbuka kwamba reli huwa zinapigwa chapa ubavuni, nikapanda stuli na ndimu, chumvi na brashi ya waya. Jioni nzima nasugua, kutu inaniingia machoni, sioni kitu. Usiku ndipo akili ikanijia: nikaweka tochi ya simu pembeni kabisa, mwanga ukapita juu juu, vivuli vikajitokeza. Nikabandika karatasi, nikapaka mkaa. Ikatoka 1908! Nilitangaza mtaa mzima kwamba duka letu ni la 1908, mpaka mpwa wangu wa kidato cha pili akaniuliza, "Mjomba, ukivaa mtumba wa 1970, na wewe umezaliwa 1970?"

Basi nikapunguza sauti. Reli inaweza kung'olewa na kutumika miaka mingi baadaye. Ninachoweza kuapia ni kwamba mlango ule hauwezi kuwa wa kabla ya 1908. Kuna mgeni wa Uingereza alipita akaliita jengo la enzi ya Edward. Kwao Mfalme Edward VII alitawala 1901 hadi 1910, ila huku bendera ilikuwa ya Kaiser wa Ujerumani. Waingereza waliingia Dodoma 1916. Nikamwacha afurahi.

Sasa uzembe wangu. Fundi wa kwanza alisema piga plasta ya saruji, itadumu. Nikatoa kama laki saba na ushee, ukuta ukang'aa. Mvua za Januari zilipokolea, ukigonga plasta inalia kama debe tupu. Ikatoa chumvi nyeupe, kisha ikaanza kudondoka vipande vya ukubwa wa sinia, vikiondoka na ngozi ya mawe. Shangazi yangu wa Mvumi, aliyekulia kwenye tembe, nyumba ya udongo ya Wagogo, alitazama mara moja tu: "Umemvalisha mzee koti la mpira, halafu unashangaa anatoka jasho?"

Ndivyo ilivyokuwa. Kuta hizi hunywa maji kutoka ardhini na kuyatoa kupitia chokaa. Saruji ikaziba, maji yakapanda juu na chumvi yake.

Nikabandua yote kwa patasi. Chokaa niliiloweka kwenye pipa wiki tatu mpaka ikawa kama mtindi, ndoo moja kwa tatu za mchanga wa korongoni uliochekechwa. Safari hii adui akawa upepo wa Agosti. Chokaa haitaki kukaushwa, inakomaa taratibu kwa kuvuta hewa ya ukaa huku ina unyevu. Mita chache za kwanza zilipasuka kabla ya adhuhuri. Ndipo nikatundika magunia ya katani, yale ya kweli si viroba, nikawa nayalowesha asubuhi, mchana na jioni. Wapita njia wakaniuliza bei ya gunia. Wawili nikawauzia.

Gharama sikuziandika, na mke wangu asiniulize.

Oktoba, jua la kuchoma, kaka akaja na mtu wake wa vipimo. Nikawakaribisha ndani wapumzike kwanza. Mle ndani ni baridi kama mtungini, sina hata feni. Mtu wa vipimo akanywa soda akaaga. Kaka akajinyoosha kwenye benchi, akalala mpaka alasiri, kisha akaomba ufunguo wa chumba cha nyuma apafanye ofisi. Nimempa kwa kodi ya kindugu, yaani hajalipa bado.