Siku Moja Maishani Mwangu: Kusaga Samadi Kabla ya Kulisha Mtambo wa Bayogesi

Saa 12:00 asubuhi. Kabla ya kuwasha mashine yoyote nasoma vipimo vya tangi: joto nyuzi 38 za sentigredi, methani, ile gesi iwakayo iliyomo katika bayogesi, asilimia 56. Vijidudu vinavyotengeneza methani havistahimili mabadiliko ya ghafla, kwa hiyo sharti nijue vimelalaje.

Saa 1:30. Shehena ya samadi ya ng'ombe imefika, ikiwa imechanganyika na mabua ya matandiko. Sumaku hunasa misumari na waya, lakini mawe tunayaondoa kwa macho na mikono. Siku moja niliiharakisha hatua hii, jiwe likavunja nyundo mbili za mashine, na mtambo ukakaa siku mbili bila chakula. Tangu hapo siiachi mpaka niridhike.

Saa 3:00. Tunaanza kusaga. Selulosi iliyomo katika mabua, yaani nyuzi ambazo vijidudu huzila, imefungamana na lignini, kitu kinachoupa mmea ugumu, ambayo vijidudu visivyotumia hewa karibu havimudu kuivunja. Kusaga hakuiondoi lignini hiyo, ila hupasua nyuzi na kuongeza eneo ambalo vijidudu vinaweza kushambulia, na hivyo kuharakisha hatua ya kwanza ya mmeng'enyo, ambayo kwa mabua ndiyo ya polepole kuliko zote. Tena mabua mazima huelea na kufanya gamba gumu juu ya tope, gamba ambalo huzuia gesi kupanda na kukilemea kichanganyio.

Saa 7:00. Nachanganya samadi iliyosagwa na maji ya tope lililokwisha kumeng'enywa, hadi yabisi ibaki takriban asilimia 10, kisha naingiza mchanganyiko huo kidogo kidogo. Tope linapokorogwa hutoa gesi ya salfidi ya hidrojeni, ambayo huua. Kwa hiyo kipimo cha gesi hakibanduki kifuani pangu, wala hakuna anayeruhusiwa kushuka katika shimo la tope peke yake.

Saa 9:30. Hapa ndipo moyo wangu ulipo. Nina mapipa mawili ya majaribio, moja la samadi iliyosagwa na jingine la samadi isiyosagwa. Wiki ya kwanza pipa la iliyosagwa lilitoa gesi nyingi zaidi kwa mbali, lakini leo, siku ya 23, pengo limepungua sana. Naona kwamba faida kubwa ya kusaga ni kasi kuliko jumla ya gesi, na kasi hiyo ina thamani hasa pale samadi inapokaa tangini kwa siku chache.

Saa 11:00. Nasoma mita ya umeme ya mashine ya kusagia. Mita moja ya ujazo ya bayogesi, ikipita katika jenereta yetu, hutoa takriban kilowati-saa 2 za umeme. Gesi ya ziada isipofidia umeme uliotumika, basi tunasaga kwa hasara. Samadi hukaa tangini mwetu siku 30, muda wa kutosha hata bila kasi kubwa, na chekecho cha mashine ya kusagia tunachotumia ni laini kupita haja yake. Nimekwisha kuandika kwenye daftari la zamu kwamba kesho asubuhi tufunge chenye matundu makubwa zaidi, na mapipa mawili mapya yajazwe siku hiyohiyo.