Misumari minne

Ijumaa Kuu juzi binti yangu aliishika rozari ya bibi yake, akaikagua mpaka chini ya miguu ya Yesu. "Baba, hili fuvu la nani?"

La Adamu, nikamjibu. Wazee wa Kanisa walisimulia kwamba alizikwa pale pale Golgotha, na damu ikichuruzika kutoka msalabani inamdondokea yeye aliyeanza kukosa. Akaridhika, akarudi kwenye uji wake. Mimi mawazo yakabaki Madrid, nilikowahi kwenda.

Nilikuwa nimeingia Prado, jumba la makumbusho ya sanaa, kama karani wa stoo, nikizikagua picha za msalaba, orodha kichwani: fuvu, jua na mwezi, Maria upande huu, Yohane upande ule. Nikafika kwa Kristo msalabani wa mchoraji Velázquez. Turubai ya mwaka 1632 hivi, sentimita 248 kwa 169, kubwa kunipita. Fuvu hakuna. Maria hayupo, askari hayupo, hata mlima haupo. Nyuma ni giza tupu. Nikaona nimepunjwa.

Basi nikaanzia miguuni. Haikupandana. Kila mguu una msumari wake juu ya kibao, na michirizi ya damu inashuka kwenye mti. Kwa hiyo misumari ni minne, wakati Ulaya ilishazoea mitatu tangu karne ya 13. Pacheco, mwalimu wa Velázquez kule Sevilla na baba mkwe wake, alishikilia kuwa ni minne, na hoja hiyo inabadili mwili mzima: miguu ikipandanishwa magoti hupinda na kiwiliwili huning'inia, ila ikikanyaga kibao, maiti inasimama. Jeraha liko ubavu wa kulia, upande ule ambao maji ya hekalu yanatoka katika Ezekieli 47. Juu ya kichwa, kibao cha maandishi hakina zile herufi nne tulizozoea, INRI. Hukumu imeandikwa yote, kwa Kiebrania, Kigiriki na Kilatini.

Halafu nywele. Zimeanguka zikafunika nusu ya uso. Bila kufikiri nikasogea pembeni, shingo nimeinyoosha, kama mtu anayechungulia nyuma ya pazia. Rangi haikusogea, bila shaka. Mlinzi akanitazama, nikajifanya nasoma kile kikaratasi cha ukutani.

Jioni, mtoto alipolala, niliichukua ile rozari nikaisogeza kwenye taa. Misumari mitatu. Sijamwambia bado.