Basi la Mapumziko

Huu ni mwaka wangu wa nne kuendesha basi la mashabiki siku za mechi za futiboli ya Kimarekani za Chuo Kikuu cha Indiana, hapa Bloomington. Mpira wenyewe siuoni, nausoma kwenye viti. Miaka ya nyuma, ikifika mapumziko tu, basi lilikuwa linajaa watu wanaorudi zao. Wengine hata uwanjani walikuwa hawaingii, wanabaki paking wanachoma nyama. Mji huu ni wa kikapu bwana, mataji 5 ya taifa. Futiboli ilikuwa kama harusi ya jirani: unapita, unakula, unaondoka.

Kwa hiyo alipoletwa kocha Curt Cignetti mwishoni mwa 2023, mzee wa miaka 62, akawaambia waandishi, "Mimi nashinda. Nitafuteni Google," nilicheka peke yangu. Nimekulia Tanga, makocha wa maneno nimewaona. Na timu ndiyo kwanza ilikuwa imetoka kushinda mechi 3 na kufungwa 9!

Hakutaka kulea chipukizi. Alisajili kama Simba na Yanga dirisha kubwa: wachezaji 13 aliwachukua Chuo Kikuu cha James Madison alikotoka, halafu akampata Kurtis Rourke, Mkanada, awe kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi.

Mimi niliamini tarehe 19 Oktoba 2024, siku ya mechi na Nebraska. Mapumziko yalipofika nikafungua mlango kama kawaida, nikasubiri. Akapanda bibi mmoja tu, kofia nyekundu mpaka masikioni, akaniuliza narudi saa ngapi. Kumbe alikuwa anafuata dawa yake aliyoisahau garini. Nilimpeleka, nikamngojea, nikamrudisha. Abiria mmoja, basi zima. Mechi iliisha 56-7. Rourke aliumia kidole gumba siku hiyo, akafanyiwa upasuaji, akakosa mechi moja tu.

Michigan wakalala 20-15, tukawa tumeshinda 10 mfululizo. Ohio State walitupiga 38-15, tuyaache hayo. Purdue, watani wetu wa jadi, walikuja kugombea ile ndoo kuukuu ya mbao tunayoshindania kila mwaka, wakaondoka na 66-0. Sifuri!

Halafu mtoano wa taifa, kwa mara ya kwanza, ugenini South Bend, nyumbani kwa Chuo Kikuu cha Notre Dame, usiku wa tarehe 20 Desemba. Notre Dame walikuwa mbele 27-3. Mke wangu akasema zima TV tulale. Nikamwambia basi hili haliondoki. Tukafunga mara mbili dakika za lala salama, 27-17, haikusaidia kitu. Nilipogeuka kumwonyesha, alishalala.