Ndege nyuki juu ya ua wetu

Ndiyo kwanza narudi kutoka mtaa wa Ng'ambo, Unguja mjini, na hasira haijashuka.

Leo mdogo wangu anapakwa hina. Tumejifungia uani wanawake wenyewe kwa wenyewe, vichwa wazi, wengine kanga za kifuani tu.

Mara mvumo. Mimi nikadhani nyuki kweli!

Kutazama juu, droni. Imetulia usawa wa mnazi, taa nyekundu inapepesa.

Shangazi akachomoa mtandio, akamgubika bibi harusi. Hina ilikuwa mbichi. Ua lililochorwa kwa saa mbili likageuka doa, toka kiganjani mpaka kwenye kiwiko.

Basi lile dude likashuka, likanasa kwenye kamba ya nguo, likaanguka hatua moja kutoka kwa mtoto wa miaka mitatu. Mapanga bado yanazunguka.

Mwenyewe akaja kubisha hodi: "Samahanini, nilikuwa napiga machweo."

Machweo, saa tisa mchana?

Tukamuuliza kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kimya. Picha kazifuta mbele yetu, lakini nani ajuaye zimeshakwenda wapi?

Droni yenyewe iko uvunguni kwa shangazi. Tumrudishie? Semeni jamani.