Nilifunga siku tatu, nikaishia kilima cha Mweka

Wiki ile ya mashindano nilifunga siku tatu, na kocha sikumwambia. Mchana maji tu, jioni vijiko vichache vya uji, kisha nikapiga magoti kumwomba Mungu anipe nafasi kati ya watatu wa kwanza. Ilikuwa Februari 2025. Nilikuwa na miaka 19, naenda Moshi kukimbia kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon, na deni la nyumbani nilikuwa nalijua hadi shilingi ya mwisho.

Baba alipigwa na kiharusi Novemba iliyotangulia, upande wote wa kulia ukalala. Sisi ni wakulima wa mahindi na vitunguu swaumu huku Mbulu. Tuliuza maksai wawili, hazikutosha, mama akakopa kwenye kikundi chake cha kuweka na kukopa, halafu kwa majirani. Aliporudi kutoka hospitali baba alikuwa amepoteza maneno. Anaanza kusema jambo, linakwama, anageuza uso pembeni. Na huyu ndiye aliyekuwa akinifuata kwa baiskeli tangu niko darasa la tano, akinihesabia mizunguko kwa sauti. Baiskeli ikabaki imeegemezwa ukutani, kuku wakilala juu yake.

Kwa hiyo nilipoomba, sikuwa naomba kama mtoto anavyoomba kwa mzazi. Nilikuwa nafanya biashara. Mimi nafunga, Wewe unalipa.

Anayeijua njia ile ya Moshi anajua kwamba unapanda kuelekea Mweka, katikati ya migomba na kahawa, na mlima huo haukimbiwi kwa hasira. Kocha alinipa agizo moja: kaa na kundi la pili mpaka tugeuze, kisha shuka nao. Nilimwitikia, na bunduki ilipolia nikaenda na kundi la mbele. Kichwani nilikuwa na hesabu moja tu, kwamba nafasi ya nyuma hailipi deni.

Kabla hatujafika juu miguu ikanikataa. Kichomi nakijua, hicho unakibana kwa mkono na unaendelea. Hiki kilikuwa kitu kingine: jasho likawa la baridi, pembeni mwa macho kukaingia giza, mikono ikaanza kutetemeka. Nikatembea. Nikakaa kwenye majani kando ya barabara. Nakumbuka nilivyokuwa nafungua pini za namba kifuani, moja baada ya nyingine, nikaziweka zote nne kiganjani na kuzikunja, huku wasichana niliowaacha mbali wakinipita kwa pumzi nzuri.

Kushindwa kunauma. Lakini kwetu kujitoa njiani kuna uchungu wake wa pekee, kwa sababu Mbulu ndiko alikotoka mzee John Stephen Akhwari. Mtoto akianza tu kukimbia anasimuliwa: marathoni ya Olimpiki ya Mexico, 1968, mzee alianguka, goti likaumia vibaya, na akaingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda, mguu umefungwa bandeji, akamaliza wa mwisho kati ya 57 waliofika. Habari hiyo nimeisikia tangu utotoni. Na mimi, mzima wa magoti, nilirudi nyumbani na pini nne.

Watu walikuja na mistari. Karibu kila mmoja alinisomea ule wa Isaya wa mbawa za tai, kwamba wamngojeao Bwana watapiga mbio wala hawatachoka. Walinipenda, hilo nalijua. Ila kila nilipousikia nilijiona nimeshtakiwa upya, maana mimi nilikuwa nimepiga mbio na nimechoka. Nilikasirika na Mungu wiki mbili nzima. Kwaya sikwenda. Usiku nilimwambia wazi kwamba amenidhulumu.

Mwinjilisti wa mtaa wetu alifika Jumanne jioni. Nilikuwa uani nachambua vitunguu swaumu.

"Bwana Yesu asifiwe."

"Amina. Karibu, mwinjilisti."

Akavuta kigoda, akaanza kuchambua na yeye, hakusema neno la mahubiri. Baada ya muda akauliza, "Mwanangu, siku ya mbio ulikula nini?"

Nikamwambia ukweli wote. Alinyamaza mpaka nikadhani nimemuudhi. Halafu akanisimulia habari za Eliya, kutoka 1 Wafalme, na nilishangaa kwamba miaka yote ya shule ya Jumapili sikuwahi kugundua kuwa Eliya alikuwa mkimbiaji. Alikimbia mbele ya gari la mfalme Ahabu mpaka Yezreeli! Na mara tu baada ya hapo, Yezebeli, mke wa Ahabu, akamtisha, naye Eliya akatorokea jangwani, akajitupa chini ya mti wa mretemu akaomba afe. Malaika akaja. Hakumkemea kwa kukosa imani. Alimgusa akamwambia aamke ale. Mkate juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya akala, akalala tena. Malaika akaja mara ya pili na chakula kilekile, kwa sababu safari ilikuwa bado ndefu, siku 40 hadi Horebu.

"Mungu alijua anachohitaji yule mtu ni kula na kulala," mwinjilisti akasema. "Wewe ulimnyima mwili wako mkate, ukamdai Mungu kombe."

Nililia pale pale, mikono inanuka vitunguu, macho yakazidi kuwasha.

Mama alikuwa jikoni anasikiliza. Akatoka na jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. "Na huyo mzee Akhwari unayejilinganisha naye, ile bandeji alijifunga mwenyewe? Walimfunga watu." Usiku ule tulipokula, baba alinyosha mkono wa kushoto, akasukuma kiazi chake mpaka kwenye sahani yangu. Nilitaka kukirudisha. Mama akanikanyaga mguu chini ya meza.

Yaliyofuata yalikuwa ya taratibu. Nilimpigia kocha nikakiri kufunga. Aligomba, kisha akanipangia wiki tatu za kukimbia polepole tu. Bado nafunga, maana ni sehemu ya imani yangu, lakini si wiki ya mbio, na si kwa kumpangia Mungu bei. Mama naye aliacha kuficha hali yetu. Alisimama kwenye jumuiya akaeleza deni. Ijumaa iliyofuata walikuja watu kumi na mmoja na majembe, wakamaliza palizi ya shamba letu kabla ya saa saba. Jirani mmoja kati ya waliotukopesha alikuwa miongoni mwao. Alisema tutamlipa vitunguu vikitoka, na ndivyo tulivyofanya. La kikundi bado tunalipunguza kila mwezi.

Maombi yangu nayo yakabadilika. Nilianza kuomba zile zaburi za kulalamika, ambazo zamani nilikuwa naziruka. Zinakuruhusu kumwambia Mungu mpaka lini, bila kupamba.

Mbio zangu za kwanza baada ya hapo zilikuwa za mkoa, mita 10,000. Nilikuwa wa sita, nikamaliza.

Septemba 15 mwaka huohuo tuliamka usiku wa manane kwa jirani, tukiangalia simu moja watu saba, Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu alipochukua dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo. Saa 2:09:48, na Amanal Petros wa Ujerumani muda huohuo, wakitofautiana kwa sehemu 3 tu za mia za sekunde. Tulipiga vigelegele mpaka mbwa wakabweka. Lakini nilipolala nilijikuta namwombea Petros, aliyejirusha kwenye mstari na kuanguka. Nilitamani awepo mtu wa kumwambia ale, alale.

Sasa Jumamosi asubuhi namtoa baba hadi uwanja wa shule ya msingi. Anakaa kwenye kigoda karibu na goli, kokoto kumi miguuni, na kila nikipita anahamisha moja kwa mkono wa kushoto. Wiki iliyopita nilisimama nikijua nimetimiza mizunguko yote. Akatikisa kichwa, akainua kokoto iliyobaki.

"Bado," alisema.

Neno zima, bila kukwama. Nikageuka nikakimbia.